Wati Zinazotosha

Aliyewahi kununua redio kaseti katika miaka ya 1980 au 1990 atakumbuka ile karatasi ya kung'aa iliyobandikwa mbele ya kasha, ikiwa na herufi nne, PMPO, na nambari kubwa kando yake: 200, 800, na mara nyingine hata 1,000. Mnunuzi aliisoma nambari kabla hajaisikia sauti. Alikwenda duka la pili, akalinganisha nambari na nambari, na mwisho akalipia ile iliyokuwa kubwa zaidi kwa fedha alizokuwa nazo. Redio yenyewe iliendeshwa kwa mawe manane. Pasi ya umeme, ambayo tunaiona wazi jinsi inavyokula umeme, hutumia kama wati 1,000. Basi mawe manane yangewezaje kutoa sauti ya nguvu sawa na pasi? Swali hilo halikuulizwa dukani. Nambari ilikwisha kujibu kila kitu.

Swali ambalo lingefaa kuulizwa ni hili: nyumba ya mtu wa kawaida, sebule yenye viti vinne na meza, inahitaji amplifaya ya wati ngapi? Linaonekana kuwa swali la fundi, lakini lina historia ndefu, na katika historia hiyo nimejifunza mengi kuhusu vipimo na namna tunavyodanganyika navyo. Mwaka 1926 wati moja ilitosha kuchezesha muziki sebuleni. Miaka hamsini baadaye watu waliambiwa kuwa wati mia ni kidogo. Masikio ya binadamu hayakubadilika katika miaka hiyo, wala vyumba havikuwa vikubwa zaidi. Kitu kingine ndicho kilichobadilika, na ni vema tukitafute.

Tuanze na wati yenyewe. Jina hilo ni la James Watt, fundi wa Scotland aliyezaliwa mwaka 1736 na kufariki mwaka 1819, mtu aliyeiboresha mashine ya mvuke. Wateja wake walikuwa wenye machimbo na viwanda, watu waliozoea kuzungusha mitambo yao kwa farasi. Kila mmoja alitaka kujua jambo moja: mashine hii itachukua nafasi ya farasi wangapi? Ili aweze kuwajibu, Watt alikadiria kazi ya farasi mmoja kuwa sawa na kunyanyua ratili 33,000 kwa kimo cha futi moja katika kila dakika. Kwa hesabu za leo hiyo ni kama wati 746. Baada ya yeye kufa, mwaka 1882, mhandisi William Siemens alipendekeza kwamba kipimo cha nguvu ya umeme kiitwe kwa jina lake. Kwa hiyo kipimo cha nguvu kina asili yake sokoni. Muuzaji alikitumia ili mnunuzi ajue anapata nini. Jambo hilo tulikumbuke, kwa maana baadaye soko lilelile ndilo lililokipotosha.

Kuna jambo la pili la kulielewa kabla hatujaendelea, nalo ni tabia ya sikio. Sikio la binadamu halihesabu kwa kujumlisha, huhesabu kwa kuzidisha. Ukiwa na wati 10 ukaongeza zikawa 20, hutasikia sauti imekuwa kubwa mara mbili. Utasikia imepanda kidogo tu. Ili msikilizaji wa kawaida aseme kwamba sauti sasa ni kubwa mara mbili, nguvu hupaswa kuzidishwa mara kumi hivi. Ndiyo sababu wahandisi wa simu wa Marekani, katika miaka ya 1920, walibuni kipimo kinachofuata tabia hiyo, wakakiita desibeli kwa kumkumbuka Alexander Graham Bell. Nguvu ikizidi mara mbili, desibeli huongezeka 3. Ikizidi mara kumi, huongezeka 10. Ikizidi mara mia, huongezeka 20. Mwenye kuzikariri hesabu hizi tatu hahitaji kuogopa tangazo lolote la duka.

Sasa turudi kwenye ile wati moja. Mwaka 1925, Chester W. Rice na Edward W. Kellogg wa kampuni ya General Electric walitangaza muundo wa spika ambao, kwa asili yake, ndio tunaoutumia mpaka leo: koni ya karatasi, waya uliozungushwa kama kidonge cha uzi, na sumaku. Umeme wa muziki ukipita katika waya, waya huvutwa na kusukumwa na sumaku, na koni huusukuma upepo. Mwaka uliofuata spika hiyo iliuzwa pamoja na amplifaya yake ndani ya kasha moja kwa jina la Radiola 104, kwa bei ya dola 250, fedha nyingi sana wakati ule. Nguvu yake ilikuwa wati 1 hivi. Matajiri waliokaa mbele yake hawakujiona masikini wa sauti.

Katika majumba ya sinema mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Sinema za kusema zilipoingia baada ya mwaka 1926, kampuni ya Western Electric ilitengeneza vyombo vya kusikilizisha mamia ya watu kwa pamoja. Valvu yake maarufu, 300B, iliyotoka mwaka 1938, ikifanya kazi peke yake hutoa wati 8 hivi. Wati nane, na ukumbi mzima unasikia! Siri ilikuwa katika spika, ambazo zilikuwa na midomo mipana mfano wa tarumbeta. Mkulima anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto hukunja viganja akavizungushia mdomo. Hajaongeza pumzi, ameielekeza tu, na ameisaidia kuushika upepo. Spika ya tarumbeta hufanya kazi hiyohiyo. Paul Klipsch wa Hope, jimbo la Arkansas, aliileta nyumbani spika ya namna hiyo baada ya vita, mwaka 1946, akiifanya kona ya chumba iwe sehemu ya tarumbeta yenyewe. Spika yake huhesabiwa kutoa zaidi ya desibeli 100 kwa wati moja tu. Ubaya wake ni ukubwa: ni kabati zima, na nyumba isiyo na kona mbili nzuri haina pa kuiweka.

Huku Afrika nako kulikuwa na somo lake. Mwaka 1949 Harry Franklin, aliyesimamia utangazaji wa Lusaka katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, alifanikiwa kuishawishi kampuni ya betri ya Ever Ready ya Uingereza itengeneze redio ya bei nafuu kwa ajili ya Waafrika. Kasha lake la alumini lilifanana na sufuria, na kwa Kiingereza ilipewa jina la chombo hicho. Bei yake ilikuwa pauni 5, bila ya betri. Redio za betri za wakati ule hazikuweza kutoa hata wati moja kamili ya sauti. Lakini watu walikusanyika kuizunguka, wakanyamaza, wakasikiliza habari na nyimbo katika lugha zao. Naliweka jambo hili akilini kila ninapofikiria wati. Kimya cha wasikilizaji nacho ni sehemu ya nguvu ya chombo. Mahali palipo na kelele, wati mia hazitoshi. Mahali palipo na utulivu, nusu wati inajaza uwanja wa nyumba.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Uingereza ikawa kitovu cha watu wenye hamu ya sauti safi nyumbani. Mwaka 1947 mhandisi D. T. N. Williamson alichapisha katika jarida la Wireless World mchoro wa amplifaya ambayo msomaji angeweza kuiunda mwenyewe. Ilitoa wati 15, na usafi wa sauti yake ukawa kipimo ambacho wengine walijipima nacho. Kisha akaja Peter Walker wa mji wa Huntingdon, ambaye mwaka 1953 alitoa amplifaya ya Quad II, nayo ya wati 15. Jina Quad limefupishwa kutoka maneno ya Kiingereza, na neno la mwisho katika hayo maana yake ni kitu cha matumizi ya nyumbani.

Mwaka 1954, Gilbert Briggs, mwenye kiwanda cha spika cha Wharfedale, alifanya jambo ambalo wengi walidhani ni wazimu. Alikodi ukumbi wa Royal Festival Hall wa London, wenye nafasi ya watu karibu 3,000, akauza tiketi, na akawaita watu waje kusikiliza santuri. Wanamuziki walikuwapo jukwaani pia, ili hadhira isikie muziki wa mkono na muziki wa santuri, umoja baada ya mwingine, na kulinganisha. Spika zilikuwa zake, na amplifaya zilikuwa za Walker, za aina ileile ya wati 15. Ukumbi ulijaa na watu waliridhika. Mwaka 1955 Briggs alilirudia jaribio hilo katika Carnegie Hall, New York.

Nimelifikiria sana tukio hili. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya sebule kilihimili ukumbi wa watu elfu kadhaa, na leo mtu mwenye chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili anaambiwa kwamba hapati muziki bila ya wati mia mbili. Kati ya hao wawili, nani anayekosea? Jibu la haki ni kwamba hakuna anayekosea mpaka tuulize spika ni ipi. Hapa ndipo tunapofika kwenye lile badiliko tulilokuwa tukilitafuta.

Mwaka uleule wa 1954, huko Cambridge, Massachusetts, mwalimu aitwaye Edgar Villchur pamoja na mwanafunzi wake Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research. Mpaka wakati huo, aliyetaka besi nzito ilimpasa awe na kasha kubwa kama friji. Villchur aliigeuza hesabu. Aliiacha koni ya spika ining'inie kwa ulegevu, akaliziba kasha dogo pande zote, na akaufanya upepo uliofungiwa ndani uwe ndio spring'i ya kuirudisha koni mahali pake. Matokeo yake yalikuwa kasha linaloweza kukaa kwenye rafu ya vitabu, likatoa besi ya chini kabisa bila ya kuiharibu. Mke na mume walioishi katika nyumba ya vyumba viwili waliweza kuwa na muziki kamili bila ya kuhamisha kabati.

Lakini dunia haitoi kitu bure. J. Anton Hofmann, mwenzi wa Kloss katika kampuni ya KLH iliyoundwa mwaka 1957, ndiye anayekumbukwa kwa kuiweka wazi kanuni hiyo: besi ya chini, kasha dogo, na sauti kubwa kwa umeme mdogo ni vitu vitatu ambavyo huwezi kuvipata vyote, chagua viwili. Walioishi na makasha madogo walichagua besi na udogo, wakalipa kwa wati. Spika ya kawaida ya nyumbani ya leo, ile inayotoa kama desibeli 88 kwa wati moja ukiwa mbali nayo mita moja, hugeuza kuwa sauti sehemu isiyofika nusu katika kila mia ya umeme inayopewa. Zinazobaki zote ni joto. Tunanunua amplifaya ya wati mia ili tupate pungufu ya nusu wati ya sauti.

Basi wati ziliongezeka kwa sababu nyumba zilitaka makasha madogo. Muziki haukudai kitu kipya. Huo ndio ukweli ambao karatasi ya kung'aa haikuueleza.

Tufanye hesabu, msomaji, maana haina ugumu. Chukua spika mbili za desibeli 88 kwa wati moja. Unakaa mita tatu kutoka kwazo. Sauti hupungua kadiri unavyokwenda mbali, na kwa mita tatu uwanjani ungepoteza desibeli 9 na nusu. Lakini chumbani kuta na dari hurudisha sehemu yake, na spika ni mbili. Kwa hiyo upotevu hubaki kama desibeli 4. Ina maana kila spika ikipewa wati moja, kitini pako utapata desibeli 84 hivi. Hiyo si sauti ndogo. Mazungumzo ya kawaida ya watu waliokaribiana ni kama desibeli 60. Familia inayosikiliza muziki jioni bila ya kuacha kuzungumza haifiki 74, na desibeli 74, katika mfano wetu, ni sehemu ya kumi ya wati moja tu.

Hata hivyo muziki una vilele. Ngoma ikipigwa ghafla, tarumbeta zikiingia kwa pamoja, sauti hupanda juu ya wastani kwa desibeli 10, 15, hata 20, kwa muda mfupi sana. Desibeli 20 ni kuzidisha mara mia. Kwa hiyo familia yetu ya desibeli 74, inayotumia sehemu ya kumi ya wati kwa wastani, inahitaji wati 10 kwa ajili ya vilele. Mwenye kupenda sauti kubwa, akasikiliza kwa wastani wa desibeli 84, anahitaji wati 100 kwa ajili ya vilele hivyo. Na anayetaka 94 anadaiwa wati 1,000. Tazama jinsi kila hatua ya desibeli 10 inavyoongeza sifuri moja katika bei. Tazama pia kwamba kati ya amplifaya ya wati 50 na ya wati 100 kuna desibeli 3 peke yake, tofauti ambayo sikio huitambua lakini haliishangilii. Anayebadilisha spika ya desibeli 88 akaweka ya 91 amepata faida ileile bila ya kugusa amplifaya.

Nisidhaniwe kuwa nawacheka wenye amplifaya kubwa. Akiba ya nguvu ina maana yake. Amplifaya iliyofika mwisho wa uwezo wake hukata vichwa vya mawimbi ya sauti. Muziki hukwaruza, na zile spika ndogo za sauti nyembamba huunguzwa kwa mkwaruzo huo. Mafundi wetu wa mitaani wamezifunga upya spika nyingi zilizoungua kwa njia hiyo, na wenyewe wataeleza kwamba zaidi huja baada ya sherehe, pale chombo cha sebuleni kilipotolewa uani kikabebeshwa kazi ya bendi. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.

Transista, iliyobuniwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell, ndiyo iliyozifanya wati ziwe rahisi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 amplifaya za transista ziliweza kutoa nguvu ambayo kwa valvu ingekuwa ghali na yenye joto jingi. Mwaka 1967 kampuni ya Crown ilitoa DC300, yenye wati 150 kwa kila upande. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Bob Carver alileta Phase Linear 700, yenye wati 350 kwa kila upande. Hizo zilikuwa wati za kweli. Tatizo ni kwamba wauzaji wadogo waliona nambari zinavyovuta wateja, nao wakajifunza kuzitengeneza nambari bila ya kutengeneza mashine.

Mbinu zilikuwa nyingi. Pima kilele cha wimbi badala ya wastani wake, na wati 10 zitakuwa 20. Jumlisha upande wa kulia na wa kushoto, zitakuwa 40. Pima kwa dakika chache kabla amplifaya haijapata joto. Pima kwenye sauti moja ya katikati tu, usiguse besi. Nyamaza kuhusu mkwaruzo. Kila mbinu iliweza kutetewa na mtu mwenye kalamu, na zote kwa pamoja zilikifanya kipimo kisiwe kipimo tena. Mwaka 1974 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ikaingilia kati kwa kanuni maalumu ya amplifaya za nyumbani. Anayetangaza wati alilazimika kutaja kipimo cha kuendelea, pande zote mbili zikifanya kazi pamoja, kwa ukinzani gani wa spika, kuanzia sauti gani ya chini hadi gani ya juu, na kwa kiasi gani cha mkwaruzo. Tena amplifaya ilipaswa kwanza kufanyishwa kazi kwa theluthi ya nguvu yake kwa muda wa saa nzima. Masharti hayo ya joto yalilegezwa mwaka 2000, na mwaka 2024 kanuni ilirekebishwa tena ili kila mtengenezaji apime kwa namna moja.

Kanuni ya nchi moja haivuki bahari. Redio kaseti zilizofika katika maduka yetu zilikuja na PMPO, herufi ambazo hazikuwa na kanuni ya pamoja ya kuzipima. Mtengenezaji aliandika alichopenda. Hata leo masabufa yanayopangwa mbele ya maduka yana nambari za namna hiyo, na anayegeuza kasha nyuma akasoma kibandiko kidogo cha umeme unaoingia, atakuta mara nyingi kwamba chombo kinachodai wati elfu kinakula pungufu ya mia. Hakuna mashine itoayo kwa muda mrefu zaidi ya inachopokea. Kibandiko cha nyuma, kisicho na rangi, husema kweli kuliko kile cha mbele. Debe shinda haliachi kutika.

Lipo jambo la mwisho, nalo linanigusa mwenyewe. Baba yangu mdogo alifanya kazi katika mashine ya kusaga nafaka kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku hizo hakuna aliyeziba masikio. Alipostaafu alikuwa na redio nzuri, na ndiyo iliyokuwa starehe yake, hasa taarifa ya habari. Kila tulipomtembelea alikuwa akiniambia, "Mwanangu, ongeza sauti, watu hawa wananong'ona." Nikiongeza kidogo, hasikii. Nikiongeza tena, ananyanyua mkono: "Punguza, unaniumiza!" Watoto walidhani ni ukaidi wa uzee. Haukuwa ukaidi. Sikio lililoharibiwa na kelele hupoteza sauti ndogo, hasa zile nyembamba zinazotofautisha s na f, t na k, lakini sauti kubwa huziona kubwa kama zamani. Nafasi kati ya kutosikia na kuumia huwa nyembamba kama uzi. Hakuna wati utakazoziongeza zikamrudishia mtu kilichopotea hapo katikati.

Nilipokuja kusoma maisha ya Edgar Villchur, nilishangaa kukuta kwamba alipoiuza kampuni yake mwaka 1967 aliligeukia tatizo hilohilo. Mtu aliyezifanya nyumba zihitaji wati nyingi alitumia miaka yake iliyofuata kushughulikia masikio yasiyoweza kusaidiwa na wati. Mwaka 1973 alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kifaa cha kusaidia kusikia kisikuze kila kitu sawasawa. Sauti ndogo ikuzwe sana, kubwa ikuzwe kidogo, na sauti nyembamba zishughulikiwe mbali na nzito. Hakuuwekea uvumbuzi huo hataza. Aliuachia ulimwengu, na vifaa vingi vya kusikia vya leo vinafuata njia hiyo. Alifariki mwaka 2011. Baba mdogo hakukipata kifaa cha namna hiyo. Alikaa na redio yake iliyopandishwa na kushushwa mpaka akaacha kuiwasha.

Kwa sababu hiyo, ninaposikia vijana wakishindana kwa wati, mawazo yangu hayaendi kwenye bei peke yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki bila ya hatari kubwa. Kila desibeli 3 zikizidi, muda huo hukatwa nusu. Kwa desibeli 89, kwa hiyo, zinabaki saa 5 kwa wiki nzima. Spika zetu za mfano hufika hapo kwa wati 3 na kitu, na wati 3 leo zimo katika redio ya bei ya chini kabisa. Umeme wa kuharibu sikio ni mdogo kuliko tunavyodhani, na ule wa kuliburudisha ni mdogo zaidi.

Mwenye kutaka kujua wati ngapi zinamtosha na aanze mbali na wati. Apime kwanza chumba na mahali pa kiti chake. Aulize spika hutoa desibeli ngapi kwa wati moja. Ajiulize anataka kusikiliza kwa sauti gani, na jirani nyuma ya ukuta anataka nini. Azidishe kwa ajili ya vilele. Nambari itakayotoka itakuwa 10 kwa mmoja, 30 kwa mwingine, 100 kwa mwenye spika ngumu na chumba kikubwa. Itakuwa nambari yake, yenye maana kwa sababu anajua ilitoka wapi. Ndivyo alivyofanya James Watt kwa wenye farasi: alisema kazi gani, kwa kimo gani, kwa muda gani. Nambari iliyonyimwa maelezo hayo haijapima kitu, hata iandikwe kwa herufi za dhahabu.